Halbadiri ya Kompyuta ya Mapokezi

Ernesti aliponiambia kuna kazi Ushongo, hotelini kwa Bwana Humaid, nilimwomba alirudie hilo jina. Akalirudia. Ernesti ndiye mwenye duka la kompyuta ninapofanya kazi, Ngamiani, Tanga mjini, na ni mtu mwema ila macho yake hayaoni la mwenzake. Hakuona kuwa bisibisi imenidondoka.

"Anasema kompyuta ya mapokezi haifunguki tena akiwa huku Tanga," akanieleza. "Wamebadilishiwa rauta, tangu hapo imegoma. Nimtume Methusela?"

Nikamwambia Methusela abaki na printa zake. Ushongo naenda mimi.

Humaid mimi namjua, yeye hanijui. Binti aliyekuwa akikaa mapokezi kwake, Samiha, ni mdogo wangu. Mama mmoja, baba mbalimbali. Yeye kakulia Mwera kwa mama, mimi nimelelewa mjini kwa shangazi, na majina yetu ya ubini hayafanani. Humaid hakuwahi kuuliza kama Samiha ana ndugu. Watu wa aina yake huuliza ukoo wakati wa kuoza, si wakati wa kuajiri.

Ngoja niseme alichotufanyia, maana bila hicho mtaniona nina hasira za bure.

Mwaka jana wageni wa hoteli yake walianza kupotea kabla hawajafika. Mtu anapiga simu, anawekewa chumba, jina linaingizwa kwenye kompyuta. Siku yake ikifika haonekani, na jina nalo halipo. Mawakala wa Arusha wakaanza kulalamika: mbona watu wetu mnawaambia mmejaa, na vyumba vitupu? Humaid hakutafuta fundi. Aliuliza swali moja tu, nani anakaa kwenye ile kompyuta, akajibiwa Samiha. Basi, kesi imekwisha. Ikawa Samiha anafuta majina na kuwauza wageni kwa hoteli za jirani.

Samiha aliapa, akalia, akaapa tena. Humaid akasema haina haja ya kulia, aitwe Maalim Uweso, isomwe halbadiri, aliyefanya imshike. Na mdogo wangu, kwa kuwa alijijua safi, akasema isomwe. "Someni tu, mimi sina changu humo." Alikuwa na mimba, imeshaanza kuonekana. Ikasomwa Ijumaa baada ya sala, kwenye banda la makuti la hoteli, kwa kipaza sauti, kijiji kizima kinasikia, kuanzia mwanzo hadi ilipokwisha. Haukupita muda mrefu mimba ikatoka.

Ushongo haikuhitaji shahidi mwingine. Imemshika! Muuguzi wa zahanati alisema mimba hutoka kwa sababu chungu nzima, lakini nani anamsikiliza muuguzi pale ambapo Mungu mwenyewe keshasema? Na wizi nao ukakoma, ukawa ushahidi juu ya ushahidi. Mumewe, Sabiri, akamrudisha Mwera kwa mama "apumzike kidogo," na hadi leo hajamfuata. Wanawake bombani wakimwona anakuja na ndoo hujisogeza, nguo zao zisigusane na zake.

Mimi halbadiri siijui undani wake. Kuna masheikh wanaoisoma na kuna wanaoikataza, wagombane wenyewe. Kinachonitia wazimu ni kwamba baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyeigusa ile kompyuta kuichunguza. Mwizi keshashikwa na dua, uchunguzi wa nini tena?

Kwa hiyo nilivuka Pangani asubuhi ile na begi langu la vifaa nikiwa na mambo mawili moyoni: jina la mdogo wangu lirudi, na Humaid alie. Mkiniuliza lipi nililitaka zaidi, nitawaambia la pili.

Hotelini nilipokewa na Mzee Jumbe, karani mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye ndiye waliyemweka kwenye kiti cha Samiha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe fundi? Nilidhani waleta mwanamume."

"Mwanamume yuko njiani, mzee, mimi Hafsa nimetangulia kumfagilia."

Akacheka, akanipisha kwenye meza. Nikampigia Humaid, aliyekuwa bado nyumbani kwake Raskazone, Tanga mjini, ili tusaidiane yeye akiwa upande wa pili.

Kazi ya namna hii watu huiona ni ya ajabu, na si ya ajabu. Humaid akiwa Tanga anataka kuifungua kompyuta iliyoko Ushongo, aione kana kwamba ameikalia. Katikati pana milango. Fundi anatoka ndani kwenda nje, mlango baada ya mlango, mpaka aukute uliofungwa. Makosa ya wengi ni kuanza na wa nje.

Nikaanza palepale mezani. Laptopu yangu niliiunga kwenye mtandao uleule wa hoteli, nikaiagiza iifungue kompyuta ya mapokezi. Kimya. Maana yake tatizo liko humuhumu, hata kwenye rauta hatujafika. Nikaiangalia fayawoli, yule mlinzi aliyemo ndani ya kompyuta. Ilipokuja rauta mpya, kompyuta iliuliza kama huu ni mtandao wa nyumbani au wa hadharani, na aliyekuwepo akabonyeza hadharani. Tangu siku hiyo ikawa inajifungia ndani ya hoteli yake yenyewe kama mtu aliyeshuka stendi asiyoijua. Nikaibadilisha. Laptopu ikafungua.

Kisha nikatoka kwenye mtandao wa hoteli, nikatumia bando la simu yangu, ili nijaribu kama mtu wa nje. Ikakataa. Basi huu sasa ni mlango wa rauta. Nikaingia kwenye rauta, nikakuta aliyeifunga hakuiambia lolote: mtu akibisha kutoka nje kutaka kompyuta ya mapokezi, rauta haikujua impeleke wapi, ikawa inamfukuza. Nikaiandikia maelekezo. Nikaipa na kompyuta anwani isiyobadilika humo ndani, umeme ukikatika na kurudi isije ikahamia anwani nyingine, maelekezo yakawa yanaelekeza kwenye chumba kitupu. Nikajaribu tena kwa bando. Ikafunguka.

"Imefunguka?" Humaid akauliza simuni.

"Imefunguka, lakini bado. Sasa hivi iko wazi kwa dunia nzima, anayebahatisha neno la siri anaingia. Hapo nyumbani intaneti yako ina anwani ya kudumu?"

"Nalipia hiyo."

"Nisomee."

Akanisomea, namba baada ya namba, huku akihema kama niliyemtwisha gunia. Nikaiambia rauta: anayebisha kutoka anwani hii mpitishe, mwingine yeyote mkatae. Nikajaribu kwa bando langu, nikakataliwa. Vizuri kabisa. Tangu dakika ile duniani palikuwa na nyumba moja tu inayoweza kuingia kwenye ile kompyuta, nayo ni nyumba ya Humaid.

"Afadhali," akasema. "Mashine hiyo ina historia, binti. Alikuwepo mwizi hapo, mtoto wa kike, mwenye haya usoni ukimwona, kumbe! Mwenyezi Mungu akamuumbua mchana kweupe."

Nikaanza kukunja kebo zangu.

"Nimesikia," nikamwambia.

"Basi nakuja huko nione mwenyewe. Natoka sasa hivi."

Nikakaa kumsubiri. Mzee Jumbe akarudi kwenye kiti chake, akaingiza mgeni mmoja, mama wa Moshi aliyepiga simu akitaka vyumba vya familia kwa Idi. Aliandika kwa vidole viwili, polepole, akilisoma jina kwa sauti. Akamaliza, akaridhika, akaniagizia chai.

Chai ilikuwa bado ya moto pale skrini ilipojifunga. Ilijifunga yenyewe, ikabaki ile picha ya kutaka neno la siri. Mzee Jumbe hakushangaa. Aliinuka, akaweka kofia yake sawa, akachukua kikombe chake.

"Bosi kaingia," akasema. "Haya, tumpishe."

"Tumpishe wapi?"

"Nje, barazani. Mwenyewe akikaa kitini, wewe wabaki umemkodolea macho? Ndiyo adabu ya hapa, tangu enzi za yule binti. Skrini ikijifunga, ujue bosi yumo. Wainuka, wangoja amalize shughuli yake."

"Na hampigi simu kuuliza kama ni yeye?"

Akanitazama kama niliyemtukania mama. "Umuulize bosi kama ndiye? Kwani mimi polisi?"

Nikasimama palepale. Nikaona mwaka mzima wa mdogo wangu mbele ya macho yangu: skrini inajifunga, naye anainuka kwa heshima zake, anakwenda kukaa barazani, mikono mapajani, anampisha bosi. Wote walikuwa wakimpisha. Mwizi aliingia kwa kiti cha mwenye mali, na watu wakatoka nje wamwachie nafasi aibe vizuri!

Nikampigia Humaid.

"Bwana Humaid, umeingia kwenye kompyuta?"

"Niingie vipi nami niko kivukoni? Gari liko juu ya pantoni, tunavuka." Niliisikia injini ya pantoni nyuma yake.

"Umetumia simu?"

"Simu naongea nayo na wewe. Kuna nini?"

"Hakuna. Nilikuwa najaribu."

Nikafungua rauta kwenye laptopu yangu nione nani yumo. Alikuwamo mtu mmoja, na anwani yake ilikuwa ileile niliyosomewa asubuhi. Mwenye nyumba yuko juu ya maji Pangani, na nyumba yake imeingia Ushongo. Sikuhitaji kuwa na akili nyingi.

Skrini ilipoachiwa nikamwita Mzee Jumbe. Akaandika neno la siri, akafungua orodha ya Idi, akaishusha, akaipandisha. Mama wa Moshi hakuwamo.

"Nimemwandika," akasema. "Hafsa mwanangu, umeniona nikimwandika." Mikono yake ilianza kutetemeka, chai ikamwagika kwenye kanzu. "Si mimi. Wallahi si mimi. Wasinisomee."

Mtu mzima, ana wajukuu, anatetemeka hivyo. Nikafikiri, na Samiha alitetemeka peke yake, bila mtu wa kumwambia nimekuona. Hasira niliyokuja nayo kutoka Tanga nikaiona ilikuwa ndogo.

Namba ya yule mama ilikuwa bado kwenye simu ya hoteli. Nikampigia, nikajifanya nahakikisha vyumba.

"Lakini si mmenipigia sasa hivi mkasema mmejaa?" akasema. "Bwana Luay kaniambia, mtoto wa mwenye hoteli. Kanihamishia kwenye nyumba zake, upande wa pili wa ufuko. Kwani kuna shida?"

"Hakuna shida, mama. Karibu sana Ushongo."

Luay. Mtoto wa pekee wa kiume wa Humaid, anaishi na mkewe ghorofa ya juu ya nyumba ya baba yake. Mzee Jumbe aliposikia hilo jina alikaa chini kwenye ngazi. Akaniambia kuwa ni Luay aliyemfungia baba yake mambo hayo ya kompyuta hapo nyumbani, neno la siri analo tangu siku ya kwanza. Kumbe baada ya halbadiri alitulia ili Samiha abebe lawama, na leo njia ilipofunguka tena akarudi. Nikamwomba afunge mdomo wake mpaka nitakapomwambia aufungue. Hakuhitaji kubembelezwa.

Humaid akafika, kanzu haina kunyanzi, anauliza kama nimekula. Ningeweza kumwambia palepale. Najua ambavyo ingekuwa. Angeshika kichwa, angenishukuru, angenipa bahasha nene, angemfokea mwanawe ndani ya chumba kilichofungwa. Luay angepelekwa Dubai kwa mjomba kwa miezi michache. Na Samiha wangu angebaki mwizi wa Ushongo aliyeshikwa na halbadiri, anateka maji peke yake.

Ilisemwa kwa kipaza sauti. Itafutwa kwa kipaza sauti.

"Kompyuta yako ni nzima," nikamwambia. "Ila mwizi wako yupo bado. Leo hii ameingia, amefuta mgeni, mimi na Mzee Jumbe tumekaa hapa tunaona. Na yule binti uliyemfukuza yuko Mwera."

Uso ulimbadilika. "Basi kuna mwingine!"

"Au ndiye huyohuyo tangu mwanzo."

"Nani? Nitajie."

"Mimi fundi wa mashine, Bwana Humaid. Mashine zinaniambia kaingia mtu. Hukumu za watu wewe una njia yako."

Nilijua tu hilo litamgusa. Akapiga kiganja mezani. "Nitamsomea. Na mara hii dua naomba mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Uombe," nikasema. "Ila uwaite walewale walioisikia ya kwanza, wasije wakasema umeficha. Na nyumbani kwako waje pia, watu wasiseme unawasomea wafanyakazi tu."

Akanitazama kwa heshima, mjinga yule. "Hiyo ni haki. Nitakuja na mwanangu na mkewe. Shemsa ni mjamzito, kajichokea, lakini atakuja. Ijumaa."

Nililisikia hilo la ujauzito. Nikalimeza, likashuka.

Nikaifunga njia ya rauta, asiingie mtu wa nyumba yoyote mpaka Ijumaa, nikapanda bodaboda hadi Mwera. Samiha alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka. Amekonda, mikono imebaki mifupa, lakini ukili wake umenyooka. Nikamweleza yote: skrini, rauta, mama wa Moshi, Luay. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Mkewe Luay sikumtaja.

"Kwa hiyo nilikuwa nampisha Luay," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mimi nilidhani nampa heshima baba mtu."

"Ijumaa tunakwenda wote."

"Kufanya nini, dada? Nimeshasomewa, yatosha."

"Kukaa. Ukae mbele, wakuone uso wakati mwenyewe anamsomea mwanawe."

Akaendelea kusuka. "Wewe wataka kuona hilo," akasema. Nikamwambia nataka, sana.

Ijumaa banda la makuti lilijaa hadi nje kwenye mchanga. Spika zimefungwa juu ya nguzo, ubani unafuka. Tulipoingia mimi na Samiha, watu walisogea kama wanaopisha mgonjwa. Sabiri, mumewe, alikuwa nyuma kwa wanaume, akaanza kuvisoma vidole vya miguu yake. Mkekani kwa wanawake hapakuwa na mtu aliyetupa nafasi. Kila tulipotaka kukaa, mtu alitandaza kanga yake.

"Njoo hapa, dada. Hapa pana upepo."

Aliyesema alikuwa mwanamke mdogo, mweupe, tumbo kubwa mbele yake, anajipepea kwa kipande cha boksi. Alijivuta kwa taabu, akampa Samiha nafasi ubavuni pake. Hakujua Samiha ni nani, au alijua na hakujali. Wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Nikamsikia akisema mtoto anampiga mateke tangu alfajiri, labda hapendi kelele za spika. Samiha akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo mwaka mzima, na roho yangu haikulipenda, maana nilijua nani kalileta: mkewe Luay.

Luay alikaa mstari wa mbele, pembeni ya baba yake. Kijana mzuri, ndevu zimechongwa, uso umemkauka. Nilimkazia macho bila haya. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilifurahi kama mtu aliyefuturu.

Maalim Uweso akashika kipaza sauti. Akasema kama ilivyo desturi, kabla ya kusoma aliyefanya ana nafasi ya kujitokeza, na mwenye mali atamsamehe. "Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akiwaangalia wapishi na wafagiaji. Luay alikuwa anachora mchanga kwa kidole. Maalim akangoja, akangoja tena, kisha akafungua kitabu na kumpa Humaid kipaza sauti aombe kama alivyotaka.

"Aliyeingia kwenye mali yangu kwa siri," Humaid akaanza, na sauti yake ikaenda hadi msikitini na kurudi, "akanidhulumu, akanichekea usoni. Namshitaki kwa Mola. Impate yeye, impate na nyumba yake, na uzao wake, na..."

Mkekani palitokea vurugu kidogo. Samiha alikuwa amesimama. Alisimama katikati ya watu wale wote waliomkimbia, kanga imemteleza begani, na hakuiokota.

"Maalim, ngoja," akasema. "Mwenye mimba aondoke kwanza."

Nadhani watu hawakuelewa mara moja. Waligeuka huku na huku kutafuta mwenye mimba ni nani, na mwenye mimba alikuwa mmoja tu. Shemsa mwenyewe aliangalia nyuma yake, akidhani anaambiwa mwingine. Kisha akaweka mkono tumboni, akamtazama mumewe kwa mbali, akiuliza kwa macho kuna nini.

Luay aliinuka vibaya, akajikwaa, akakishika kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwa baba yake. Pengine alitaka kukiziba. Hakukiziba.

"Baba, usisome," tukasikia sote, na msikiti, na kijiji. "Baba, Shemsa... Baba, ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi. Usisome."

Ubani ulisikika ukipasuka chetezoni. Humaid alimtazama mwanawe, akatazama tumbo la mkwewe. Nilimwona anazeeka. Ndicho nilichotaka kukiona tangu bisibisi iliponidondoka, na nilikiona, na hakikunitosha.

"Funga kitabu, Maalim," akasema.

"Mbona unafunga?" Sikujua nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu mwenyewe. "Si ulisema haki? Mwizi kapatikana! Soma! Soma kama ulivyomsomea mdogo wangu!"

Wanawake waliokuwa wakitutandazia kanga sasa walikuwa wanamvutia Samiha ile kanga yake begani, wanampangusa mchanga miguuni, wanamwita mwanangu, mwanangu. Aliwaondoa mikono kwa upole. Shemsa alikuwa analia, hawezi kuinuka kwa uzito wake, na Samiha akainama, akamshika makwapani, akamsimamisha. Alipopita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Ulijua ana mimba, dada. Ukaninyamazia."

Nilikuwa bado nataka isomwe.

Humaid alikuja hadi ukingoni mwa mkeka wa wanawake. Akapiga magoti kwenye mchanga na kanzu yake ile. Kipaza sauti kilikuwa chini pale alipokiangusha, kingali hai.

"Binti yangu," akasema. "Nimekukosea. Nimekukosea mbele ya hawa wote, na mbele ya hawa wote naomba radhi yako. Sema unachotaka. Yule nitamwadhibu, nakuapia. Ila hii dua nimeshaanza kuiomba, na nyumba yangu imo ndani yake. Toa neno, tuyamalize hapa."

Samiha alikuwa bado amemshika Shemsa, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya tumbo, kama wanavyoshikwa wanawake wanaokaribia.

"Huyu na mwanawe wa tumboni sina neno nao," akasema. "Yaliyo yangu kwao nimeyafuta, Maalim awe shahidi. Lakini wewe, Bwana Humaid, ya kwako umeikatiza njiani. Yangu uliisoma mpaka mwisho."

Akampitisha Shemsa katikati ya watu, wakatoka nje ya banda, na hakugeuka kuona nani anamfuata.